Tukibishania Tamthilia za Muziki, Tunasimuliana Maisha

Kwa miaka kadhaa nimekuwa mmoja wa marafiki wachache tuliounganishwa na mapenzi ya tamthilia za muziki, yaani maigizo ya jukwaani ambamo wahusika huzungumza, maneno yakiwaelemea huimba, na nyimbo nazo zisipotosha hucheza. Miongoni mwetu yumo muuguzi anayefanya kazi kwa zamu, mwalimu mstaafu, fundi umeme, mhasibu kijana, mama wa watoto wadogo, na mimi ninayejipatia riziki kwa kuhariri miswada ya watu wengine. Hatulingani kwa umri wala kwa kipato, na pasipo tamthilia hizi sidhani kama tungejuana. Tulipoanza kukutana jioni, au kupigiana simu pale ambapo kukutana hakukuwezekana, tulikusudia kuzungumzia nyimbo, waigizaji na watunzi tu. Habari za kazini na nyumbani ziliingia bila kualikwa, na baadhi yetu walitaka zizuiliwe. Mimi nimefikia kuamini kwamba mambo haya mawili hayatengani, kwa sababu maoni ya mtu kuhusu tamthilia huota katika maisha anayoishi, na hakuna awezaye kuyaelewa maoni hayo sawasawa bila kwanza kumsikiliza mwenyewe akieleza siku zake zinavyokwenda.

Wengi wetu tamthilia hizi tulizijua kwa masikio kabla ya macho. Mwaka 1943 kampuni ya Decca ilirekodi nyimbo za Oklahoma!, kazi ya Richard Rodgers na Oscar Hammerstein, zikiimbwa na waigizaji walewale waliokuwa wakizicheza jukwaani pamoja na okestra yao, na rekodi hiyo ikauzwa sana. Tangu hapo ikawa desturi kwa tamthilia yenye mafanikio kuwa na rekodi ya waigizaji wake wa kwanza, na mtu aliye mbali kabisa na kumbi kubwa za maonyesho akaweza kuijua kazi nzima kwa moyo bila kuliona pazia lake. Lakini msikilizaji wa namna hiyo hulijenga jukwaa mwenyewe kichwani, na kila mmoja hulijenga kwa mali aliyo nayo. Fundi umeme husikiliza akiwa kazini, juu ya ngazi, kwa hiyo anazijua nyimbo kwa mapigo yake kuliko kwa maneno yake. Mama wa watoto husikiliza usiku wakishalala, na kwa kuwa mmoja wao huamka mara kwa mara, anazifahamu sehemu za kwanza za tamthilia nyingi sana ambazo sehemu zake za pili hajawahi kuzifikia. Kwake Into the Woods ilikuwa kwa muda mrefu hadithi inayokwisha kwa furaha, kwa maana matatizo yote ya wahusika hutatuliwa kabla ya mapumziko, na maafa huanza baada yake. Hatukumwambia. Tulimwacha afike huko mwenyewe, na siku alipofika alitupigia simu usiku wa manane akiwa na hasira na shukrani kwa pamoja.

Mazungumzo yetu yalibadilika sana pale tulipoanza kuzungumzia kile ambacho watunzi wa Broadway, yaani kumbi kubwa za maonyesho za jijini New York, hukiita wimbo wa matamanio. Katika tamthilia nyingi za muziki, muda mfupi baada ya pazia kufunguliwa, mhusika mkuu husimama na kuimba kile anachokitaka maishani. Eliza Doolittle katika My Fair Lady ya mwaka 1956 ni muuza maua wa barabarani, naye huimba kwamba anatamani chumba chenye joto na kiti kikubwa cha kukalia, basi. Matamanio hayo ni madogo kuliko ya wahusika wengi wa jukwaani, lakini kwa sababu tumeyasikia mapema, tunayabeba pamoja naye usiku kucha. Watunzi wanajua kwamba hadhira isipoelewa mhusika anataka nini, haitajali akipata wala akikosa. Mwalimu alitueleza jambo hili jioni moja, kisha akamgeukia muuguzi aliyekuwa amekaa kimya tangu alipofika, akamwuliza, “Na wewe, binti yangu, wimbo wako wa matamanio wiki hii ni upi?” Muuguzi alijibu kwamba anatamani kulala usiku mmoja mzima bila simu ya kazini, na kwamba hajapata kumwambia mtu yeyote jinsi alivyochoka. Tangu hapo swali hilo limekuwa ndiyo salamu yetu. Hujibiwa wakati mwingine kwa sentensi moja, wakati mwingine kwa saa nzima, na nimeona watu wazima wakilijibu kwa ukweli ambao wasingeutoa kama wangeulizwa tu wanaendeleaje.

Mjadala ulionifunza zaidi ya yote ulihusu Fiddler on the Roof. Tamthilia hiyo ilifunguliwa Broadway mwaka 1964, na ilikuwa ya kwanza ya muziki huko kuvuka maonyesho 3,000 mfululizo. Inasimulia habari za Tevye, muuza maziwa Myahudi katika kijiji cha Anatevka nchini Urusi, mwenye mabinti watano. Wa kwanza, Tzeitel, anakataa kuolewa na mchinjaji tajiri na kumchagua fundi cherehani maskini. Wa pili, Hodel, anamfuata kijana mwanamapinduzi hadi Siberia. Wa tatu, Chava, anaolewa na kijana asiye wa dini yao. Katika habari ya mabinti wawili wa kwanza, Tevye hupima upande huu na upande ule, hujadiliana na Mungu wake kwa sauti, na mwishoni hukubali. Kwa Chava hupima vilevile, lakini akifika mwisho wa mizani yake hukuta hakuna upande mwingine uliobaki, na humkataa mwanawe.

Fundi umeme, ambaye kwa kawaida ndiye mpole kuliko sisi sote, alimtetea Tevye kwa ukali ambao hatukuuzoea. Alisema kwamba mzazi anayekubali kila kitu hana alichosimamia, na kwamba watu wanaomlaumu Tevye ni wale ambao hawajawahi kuwa na cha kupoteza. Mhasibu alimjibu kwa ukali uleule kwamba baba anayemwita binti yake maiti angali hai hastahili machozi ya mtu, na hoja zikapandana mpaka wengine tukanyamaza. Mwalimu ndiye aliyeuliza, taratibu, “Ndugu yangu, hivi unamtetea Tevye, au kuna mtu mwingine?” Kimya kilikuwa kirefu. Kisha fundi akatueleza kwamba binti yake mkubwa amechumbiwa na mtu wa imani nyingine, kwamba yeye amekataa kumwona mchumba huyo, na kwamba kwa wiki nyingi yeye na binti yake hawajasemezana.

Sikuwa nimemfikiria fundi kama mtu mwenye mzigo huo, na ninaamini kwamba asingeutaja kama tungemwuliza waziwazi habari za nyumbani kwake. Alihitaji kuvaa joho la Tevye kwanza. Mhasibu, ambaye dakika chache nyuma alikuwa akimshambulia, alimwomba radhi kwa heshima na kumwita baba, jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla. Mwalimu naye hakutoa ushauri. Alitukumbusha tu onyesho la mwisho, pale ambapo wanakijiji wanafukuzwa Anatevka na Chava anakuja kuaga, na Tevye, huku akijifanya anashughulika na kufunga mizigo, anatamka chini chini dua fupi ya kumtakia Mungu awe naye, nayo Tzeitel huirudia kwa sauti ili mdogo wake aisikie. Fundi alisema kwamba amesikiliza rekodi ya tamthilia hiyo mara nyingi na hakuwahi kuijua dua hiyo, kwa sababu haiimbwi. Sijui kwa undani yaliyofuata nyumbani kwake, na si yangu kuyajua yote. Ninachojua ni kwamba baadaye alituambia amempigia simu binti yake, wakazungumza habari za tangi la maji lililokuwa likivuja, na kwamba simu hiyo ilikuwa ndefu.

Mwandishi wa Fiddler, Joseph Stein, alikuwa akisimulia kwamba tamthilia hiyo ilipoandaliwa Tokyo katika miaka ya 1960, mtayarishaji wa Japani alimwuliza kama Wamarekani kweli wanaielewa, kwa vile ina Ujapani mwingi. Niliwasomea wenzangu kisa hicho wiki iliyofuata. Watunzi walikuwa wameandika habari za Wayahudi wa kijiji kimoja mwanzoni mwa karne ya 20, kwa mila na sala zao zote, na mtu wa mbali kabisa akaona wazee wa nyumbani kwao. Mimi naona kwamba hilo liliwezekana kwa sababu waandishi hawakujaribu kumpendeza kila mtu, bali walimchora baba mmoja kwa uaminifu mpaka kila mwenye baba akamtambua.

Baada ya jioni ile nilianza kuzisikiliza tofauti zetu kwa namna nyingine. Chukua mfano wa Merrily We Roll Along ya Stephen Sondheim na George Furth. Hadithi yake inakwenda kinyumenyume: inaanza na mtunzi wa nyimbo aliyetajirika na kupoteza marafiki zake, halafu inarudi nyuma mwaka baada ya mwaka hadi paa la nyumba mwaka 1957, ambapo vijana watatu wanakitazama chombo cha Sputnik kikipita angani na kuamini kwamba dunia yote ni yao. Ilipofunguliwa Broadway mwaka 1981 ilichezwa na waigizaji vijana kabisa, watazamaji wakachanganyikiwa, na ikafungwa baada ya maonyesho 16. Maandishi yake yalirekebishwa kwa miaka mingi, na iliporudi Broadway mwaka 2023 chini ya uongozaji wa Maria Friedman, tiketi zake zilitafutwa kwa udi na uvumba, na mwaka uliofuata ikatwaa tuzo ya Tony ya uandaaji mpya bora wa tamthilia ya muziki. Mhasibu wetu aliiona kuwa ni huzuni isiyo na sababu: watu wamekosana, basi wapatane. Mwalimu hakuweza kuuzungumzia wimbo wa mwisho bila sauti yake kukatika. Zamani ningesema mmoja wao hajui kusikiliza. Sasa nilimwuliza mwalimu alikuwa wapi alipoisikia mara ya kwanza, naye akasimulia habari za watu wawili aliosoma nao chuo, waliokuwa wameahidiana kuanzisha shule pamoja, na jinsi ahadi hiyo ilivyokufa bila ugomvi wowote, kwa barua zilizochelewa kujibiwa. Mhasibu alisikiliza mpaka mwisho. Hakubadili maoni yake, na sikuona sababu ya kumtaka ayabadili, kwa kuwa tamthilia ile inahitaji mtu awe na miaka nyuma yake ndipo irudi nyuma pamoja naye.

Kwangu mimi kazi iliyonigusa kwa jinsi hiyo ni Company ya mwaka 1970, habari za Robert, mtu asiye na ndoa anayetimiza miaka 35 akizungukwa na marafiki ambao karibu wote wameoana. Mimi pia sina mwenzi wa ndoa, na kila wimbo wa marafiki zake nilikuwa nikiusikia kama maswali ya jamaa zangu. Mama wa watoto aliponiambia kwamba yeye husikiliza tamthilia hiyohiyo kwa kumwonea wivu Robert kwa sababu ya ukimya wa nyumba yake, niligundua kwamba kwa miaka yote tulikuwa tukiisifu kazi moja kwa sababu zinazopingana.

Kuna tamthilia moja ambayo ilizaliwa na mazungumzo kama haya yetu, nayo ni A Chorus Line. Mwezi Januari mwaka 1974 wacheza dansi wa Broadway, wale wanaocheza nyuma ya nyota na ambao majina yao hayaandikwi kwa herufi kubwa, walikusanyika usiku katika ukumbi wa mazoezi pamoja na mwongozaji Michael Bennett, wakawasha kinasa sauti na kusimuliana maisha yao hadi asubuhi: wazazi walioachana, miili waliyoionea aibu, siku za kukataliwa kwenye usaili. Kutokana na kanda hizo ikatungwa tamthilia iliyofunguliwa mwaka 1975, ikapata tuzo ya Pulitzer mwaka 1976, na kuonyeshwa Broadway mara 6,137 kabla ya kufungwa mwaka 1990. Wacheza dansi wale walitia saini ya kuzitoa simulizi zao kwa dola moja kila mmoja. Baadaye walipewa sehemu ya mapato, lakini habari ya dola moja haijasahaulika na watu wa jukwaa.

Tulipoizungumzia habari hiyo, mama wa watoto aliuliza swali ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelifikiria: haya tunayosimuliana sisi huenda wapi tukishaagana? Swali lilikuwa la haki. Kufikia wakati huo tulikuwa tumesikia habari za ndoa, madeni, magonjwa na mashaka ya imani, zote zikiwa zimekuja zikiwa zimevaa mavazi ya tamthilia, na mtu akizungumza kupitia kwa mhusika ni rahisi kwa wasikilizaji kusahau kwamba amezungumza habari zake mwenyewe. Tulikubaliana kwamba yanayosemwa kati yetu hayatoki bila ruhusa ya mwenyewe, hata kwa mume au mke, na kwamba hatutarekodi mazungumzo yetu hata kwa nia njema. Simulizi hii nimewasomea wote kabla ya kuikamilisha. Fundi alitaka habari yake ibaki kama ilivyo, ila alinitaka niondoe jambo moja, nami nimeliondoa. Wale wanaofurahia sanaa pamoja huwa wepesi wa kufunguliana mioyo, na ninaona wepesi huo unadai ulinzi mkubwa kuliko ule tunaoupa urafiki wa kazini.

Kuhusu kazi zenyewe za kila siku, muuguzi ndiye mwalimu wangu. Maonyesho ya Broadway na ya West End jijini London kwa kawaida huchezwa mara nane kwa wiki, na kwa kuwa mwili wa mwanadamu huugua, kila tamthilia huwa na waigizaji wa akiba. Wapo wanaojifunza nafasi ya mhusika mkuu mmoja, na wapo ambao kazi yao ni kujua nafasi za waimbaji na wacheza dansi wengi kwa pamoja. Mtu wa namna hiyo hukariri dansi ileile kutoka kulia na kutoka kushoto, hujua ni nani anayembeba nani, kiti kinasogezwa na nani na katika neno gani la wimbo, na huenda akaambiwa mchana kwamba usiku atacheza nafasi ambayo hajawahi kuicheza mbele ya watu. Mwezi Desemba mwaka 2021, wakati maambukizi ya korona yalipokuwa yakiwaondoa wasanii wengi jukwaani, Kathy Voytko aliingia mahali pa Sutton Foster katika The Music Man baada ya kuarifiwa siku hiyohiyo, na mwishoni Hugh Jackman aliyekuwa akicheza naye aliwasimamisha waigizaji wa akiba na kuwaeleza watazamaji kwamba watu hao ndio uti wa mgongo wa Broadway.

Tulipokuwa tukiitazama hotuba hiyo fupi pamoja, muuguzi alilia. Alieleza kwamba katika hospitali anayofanya kazi yeye ndiye huitwa kuziba mapengo: leo wodi ya watoto, kesho chumba cha upasuaji, keshokutwa mapokezi. “Watazamaji wakisikia kwamba mwigizaji waliyemtarajia hayupo, huguna,” alisema. “Mgonjwa naye akiniona mimi badala ya muuguzi aliyemzoea, uso wake huguna vilevile, na mimi hulazimika kuanza kazi nikiwa nimeshakataliwa.” Mwalimu, ambaye alikuwa na tabia ya kulalamika pindi akisoma kwamba nyota fulani hakupanda jukwaani, alimwambia, “Nimekuelewa, mwanangu,” na tangu siku hiyo hulitafuta kwanza jina la mwigizaji wa akiba na kutusomea historia yake. Mimi nami nimezoea kumsalimu kwa jina mtu aliyeletwa kushika nafasi ya mwingine, popote nikutanapo naye, kabla ya kumwuliza lolote kuhusu yule asiyekuwapo.

Maonyesho nane kwa wiki yalituletea pia mazungumzo marefu kuhusu marudio. The Phantom of the Opera ilionyeshwa Broadway tangu Januari 1988 hadi Aprili 2023, jumla ya maonyesho 13,981, na wapo wanamuziki waliokaa katika shimo la okestra yake kwa miongo. Mama wa watoto hakushangazwa na idadi hiyo. Alisema kwamba yeye hufua, hupika, huogesha na kulaza, na kesho yake hukuta vyote vinamsubiri kana kwamba hakuna kilichofanyika, na kwamba angependa mtu amweleze jinsi mwigizaji anavyoyatamka maneno yaleyale kwa mara ya elfu kana kwamba yamemjia sasa hivi. Mwalimu alijibu kutokana na darasa lake: somo la hesabu za sehemu alilifundisha miaka yote, lakini mtoto aliyekuwa mbele yake alikuwa hajawahi kulisikia, na mtoto huyo ndiye aliyekuwa akimtazama. Waigizaji wengi hueleza jambo linalofanana na hilo wanapozungumzia hadhira yao. Mama alifikiri kidogo, kisha akasema kwamba jibu hilo linamfaa kwa kuogesha na kulaza, lakini halimfai hata kidogo kwa kufua. Nadhani alikuwa sahihi, na nilimheshimu kwa kutokubali jibu zuri mahali ambapo halikutosha.

Ni lazima niseme pia kwamba kulikuwa na wakati ambapo kuyaingiza maisha katika mazungumzo yetu kungekuwa ukatili. Kumbi za Broadway zilifungwa tarehe 12 Machi 2020, na tamthilia kubwa nyingi hazikurudi mpaka Septemba 2021. Katika miezi hiyo muuguzi alikuwa akitoka zamu akiwa amebeba mambo ambayo hakutaka kuyasimulia. Alituomba tusimwulize habari za kazini, na hata salamu yetu ya wimbo wa matamanio aliomba tuiweke kando. Alichokitaka ni sisi tumwelezee tamthilia: mandhari, mavazi, jinsi chandeli, ile taa kubwa ya kuning'inia, ya Phantom inavyoshuka juu ya vichwa vya watazamaji, jinsi jukwaa la Les Misérables lilivyokuwa likizunguka wakati wanafunzi wanakufa kwenye vizuizi vya barabarani. Tulipokezana kumwelezea, usiku baada ya usiku, yeye akisikiliza tu. Nilijifunza kwamba kumsikiliza mtu ni pamoja na kulisikia ombi lake la kutosikilizwa, na kwamba maelezo ya nyimbo na taa, ambayo wengine huyaona kuwa ya anasa, yaliweza kumfikisha mtu asubuhi.

Ilikuwa katika kipindi hichohicho, tarehe 3 Julai 2020, ambapo filamu ya Hamilton, iliyorekodiwa ukumbini mwaka 2016 ikiwa na waigizaji wa kwanza, ilianza kuonyeshwa mtandaoni. Kwa mara ya kwanza sote tuliiona tamthilia moja, kwa macho, kutoka viti vilevile. Nilitarajia ubishi upungue, maana hakuna tena ambaye angedai kwamba jukwaa la kichwani mwake ni tofauti. Ubishi uliongezeka. Mtunzi wake, Lin-Manuel Miranda, amewaweka Alexander Hamilton na Aaron Burr, wanasiasa mahasimu wa Marekani changa, wakitazamana kwa saa mbili na nusu, mmoja akiwa hawezi kusubiri chochote na mwingine akiwa amefanya kusubiri kuwa ndiyo busara yake yote, na wimbo ambao Burr anaueleza msimamo huo ni miongoni mwa nyimbo nzuri zaidi za tamthilia yote. Mhasibu, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akingoja kupandishwa cheo bila kulalamika, alimtetea Burr kwa namna ambayo sijaisoma kwa mhakiki yeyote: alisema kwamba anayesubiri si mwoga, bali ni mtu aliyekwisha kuona wenye pupa wanavyoanguka, na kwamba Burr anaangamia siku ileile anapoacha kuwa yeye na kuanza kuharakisha kama Hamilton. Fundi umeme alimpinga akisema kwamba aliyekaa kimya miaka yote asishangae watu wasipojua anasimamia nini, na akamshauri, kwa upole wa baba, aende akamwone mkuu wake.

Mjadala huo haujaisha hadi leo. Huzuka upya kila tunapokutana, na kila mmoja huuendea na ushahidi mpya, nusu yake ukitoka katika maneno ya nyimbo na nusu ukitoka kazini kwake. Mhasibu amekwisha kwenda kumwona mkuu wake na amepata majibu, lakini anakataa kutuambia ni yapi mpaka tuisikilize tena sehemu ya pili yote bila kumkatiza, na mama wa watoto ameomba tusubiri mpaka Ijumaa ili naye, safari hii, aifikie.